Ndala ya Kushoto

Kwenye korona yetu, mtu akitaka kuingia mtaroni, kwanza alivua ndala yake ya kushoto akaiweka kwenye benchi langu. Benchi hilo lilikuwa chini ya boksi la swichi, na mimi ndiye niliyekaa hapo miaka kumi na minne. Ndala ikiwa benchini, swichi haiguswi. Benchi likiwa tupu, nawasha. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini hata Mzee Mwinshehe mwenye mashine aliifuata. Akifika na haraka zake, kwanza anatazama benchi.

Korona, kwa asiyeijua, ni mashine ya kuchana mkonge. Majani yanaingia upande huu yakiwa mabichi, yanakwanguliwa na ngoma mbili za chuma zinazozunguka kwa kasi, na upande wa pili zinatoka singa, nyuzi za mkonge, za kwenda kuanikwa. Makapi na maji yanashuka kwenye mtaro unaopita chini, tumboni mwa mashine. Makapi yakiziba, lazima mtu ainame aingie na reki. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Mwamvua, kwa sababu ni mwembamba, na kwa sababu ana tabia ya kuyatukana makapi. Ukimsikia huko chini utadhani anagombana na mke mwenza.

Yetu si korona ya mashamba makubwa. Ni ndogo, iko nje kidogo ya mji wa Kilosa ukielekea Kimamba, na tuko watu tisa tu. Mimi nilianzia kuanika singa. Opereta wa kwanza alipohamia Morogoro, Mzee Mwinshehe alinitazama akasema, "Mama Devota, wewe huna haraka. Kakae pale kwenye swichi." Basi, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu ya kazi. Shule niliishia darasa la nne. Lakini mashine ile niliijua kwa masikio. Mkanda ukilegea, inalia kama mtu mwenye mafua. Beringi ikikauka, nilikuwa nasikia kabla mwingine hajanusa harufu ya kuungua.

Sasa, mwezi wa sita akaja mkaguzi wa usalama kazini. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Joyce, amevaa kofia ngumu ya njano na viatu vya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante. Naomba kumwona opereta."

"Unamwona."

Akanitazama juu mpaka chini, kwa heshima lakini. "Cheti chako kiko wapi, mama?"

"Cha ubatizo kiko nyumbani."

Wenzangu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. "Cha kuendesha mashine, mama yangu."

Nikamwambia sina. Akazunguka. Akaandika kwamba mkanda hauna kava, kwamba mtungi wa kuzimia moto umekwisha muda wake, kwamba watu wanatembea na ndala kwenye maji na vyuma. Kisha akafika kwenye benchi, akaikuta ndala ya Mwamvua, ya bluu, imekaa peke yake.

"Na hii?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, hakudharau. Aliinama akachungulia mtaroni, Mwamvua akamsalimia kutoka huko chini. Joyce akasimama, akaandika kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Na hii ndala haijawahi kuwaangusha? Hata siku moja?"

"Haijawahi," nikasema.

Hapo nilidanganya.

Miaka mitatu nyuma, asubuhi moja, nilisimama mlangoni kuongea na wenye trekta la majani. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu. Nikabonyeza kitufe cha kijani cha kuwashia. Bahati ya Mungu, mkanda ulikuwa umelegea siku ile. Mota iliunguruma lakini ngoma zilichelewa kushika kasi, na katika kuchelewa huko nikasikia sauti chini inatukana makapi. Nikapiga chekundu cha kuzimia kwa kiganja kizima. Mwamvua akatoka, akasema, "Mama Devota, mashine yako imekohoa." Nikamwambia umeme umecheza. Baadaye nilimwona mbwa nyuma ya banda la singa, amelala anatafuna ndala ya bluu. Jumamosi nikanunua jozi mpya gulioni, nikampa Mwamvua, nikasema nimezikuta kwa bei rahisi. Alifurahi. Na mimi sikumwambia mtu, si Mwamvua, si bosi, si padri.

Joyce alimwita Mzee Mwinshehe, akamsomea. Kava la mkanda, mabuti kwa kila mtu, glavu, mtungi mpya, kufuli la kufunga swichi mtu akiwa mtaroni. "Na huyu mama," akasema, "kitufe chekundu anaweza kubonyeza, hicho ni cha kila mtu. Cha kijani asikiguse tena mpaka awe na cheti."

"Miaka kumi na minne hajaumiza mtu," Mzee Mwinshehe akasema.

"Ndiyo maana nataka apimwe, si afukuzwe. Chuo cha ufundi Mikumi kinawapima waliojifunza kazi kazini. Akifaulu anapewa cheti kama wengine. Ila anahitaji barua ya mwajiri, uisaini wewe, ueleze kazi aliyofanya."

Mtihani ulikuwa baada ya wiki tano. Mzee Mwinshehe akaahidi barua. Mimi nikarudi kuanika singa juani, kwenye nyaya zile zile nilizoanzia nikiwa na nguvu za magoti. Na nisikufiche, iliniuma. Kila saa mbili asubuhi mkono wangu wa kulia ulikuwa unatafuta kitufe.

Opereta mpya akaja, kijana wa miaka ishirini na sita, Goodhope, ana cheti cha Mikumi kimewekwa kwenye nailoni. Mtoto mzuri. Shikamoo yake ilitangulia kabla hajateremka kwenye pikipiki. Kava la mkanda alilifunga mwenyewe siku ya kwanza. Siku ya pili yakaja mabuti, na ndala zikaishia chini ya nyaya za kuanikia, huko tunakobadilishia asubuhi. Siku ya tatu akatuita wote, ameshika kufuli jekundu.

"Mama zangu, sikilizeni. Anayeingia mtaroni anafunga swichi yeye mwenyewe kwa kufuli hili. Ufunguo anaingia nao. Mpaka atoke, hakuna mtu duniani anayeweza kuwasha. Hata mimi."

"Hata Mzee Mwinshehe?" Mwamvua akauliza.

"Hata yeye."

"Hapo umesema neno, mume wangu mdogo."

Wote wakacheka, Goodhope akaona haya. Mchana makapi yakaziba. Mwamvua akafunga kufuli, akautazama ufunguo kiganjani, kisha akampa Goodhope. "Shika wewe, mwanangu. Mali ya ofisi nisije nikaizamisha kwenye uchafu."

Kwetu ndivyo tulivyo. Ufunguo wa mtu huondoki nao. Ni kama kumwambia humwamini. Goodhope akafungua mdomo kumkatalia, akamtazama Mwamvua, ambaye ni wa umri wa mama yake, akaufunga. Akautundika ufunguo kwenye msumari, pembeni ya boksi la swichi. Kesho yake tena hivyo hivyo. Mimi niliona yote kutoka kwenye nyaya. Nilijua kabisa kwamba kufuli ambalo ufunguo wake unaning'inia pembeni yake ni pambo tu. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, si ana cheti huyo, aone mwenyewe. Ndiyo, nilisema hivyo, mtu mzima mimi.

Siku tatu nilinyamaza.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Saa tano umeme ukakatika. Mwamvua akasema afadhali asafishe mtaro mashine ikiwa kimya. Akafunga kufuli, ufunguo ukaenda msumarini. Goodhope akapanda pikipiki kwenda mjini kununua grisi. Sisi tukaenda upande wa chai, na wengine wakalala kwenye kivuli cha banda. Saa sita na nusu lori la kubeba singa likafika, dereva anapiga honi kama amekuja harusini, na mara hiyo hiyo taa ya bandani ikawaka.

Mzee Mwinshehe akatoka ofisini. Zilikuwa zimebaki singa kidogo tu kutimiza mzigo, na mnunuzi huyu alipokea hata mbichi. "Goodhope!" Kimya. "Goodhope yuko wapi?"

"Kafuata grisi," mtu akasema.

Nikamwona anaelekea kwenye swichi. Nikauliza wenzangu, "Mwamvua yuko wapi?"

"Si kaenda kuswali," mmoja akanijibu bila kufumbua macho.

Ni kweli adhuhuri ilikuwa imefika, na Mwamvua haachi swala. Lakini chini ya waya wa tatu niliziona ndala zake, jozi nzima, zimepangwa. Mwamvua hawezi kwenda msikitini na mabuti yenye makapi. Mimi sikimbii, magoti hayataki. Niliinama, nikachukua ndala ya kushoto, nikatembea.

Nilipofika, Mzee Mwinshehe alikuwa ameshika ufunguo, ananung'unika, "Kijana kasahau kufuli lake." Nikapita mbele yake, nikaiweka ndala kwenye benchi.

"Nini hicho?"

"Ndala ya Mwamvua."

"Mama Devota, mambo ya ndala yameisha. Mkaguzi mwenyewe kasema."

"Yameisha. Lakini iko benchini."

"Mwamvua kaenda kuswali, nimesikia. Nipishe, lori linasubiri."

"Acha lisubiri."

Akanikazia macho. Sijawahi kumjibu hivyo tangu nimjue. "Wewe huruhusiwi kugusa hapa."

"Sijagusa swichi, Mzee. Nimegusa ndala. Na cheti hata wewe huna."

"Unajua barua yako ninayo mfukoni, sijaisaini?"

Nilijua. Asubuhi ile alinionyesha, imechapwa vizuri, jina langu kwa herufi kubwa, FILOMENA, pamesalia mahali pa saini. Siku ya mwisho ya kupeleka majina Mikumi ilikuwa Ijumaa, yaani kesho yake. Bila barua ile, ningebaki kwenye nyaya mpaka magoti yaseme basi.

Nikakaa kwenye benchi, ndala pembeni yangu, mgongo umeziba kufuli.

"Basi ikae mfukoni," nikasema.

Sijui angefanya nini. Mkono wake ulikuwa hewani. Lakini alikuwa ametazama benchi lile kabla ya kuwasha kwa miaka kumi na minne, na macho yake yakaenda kwenye ndala yenyewe bila kuagizwa. Honi ikanyamaza, na hapo kutoka chini ya miguu yetu ikasikika sauti:

"Toka, mwanaharamu we! Unang'ang'ania nini, umelipa kodi humu?"

Reki ikagonga chuma. Mwamvua anaendelea na kazi yake.

Mzee Mwinshehe akakaa. Alikaa pale pale benchini, karibu aikalie ndala, ufunguo kiganjani. Baada ya muda Mwamvua akatoka upande wa nyuma, tope mpaka kwenye magoti, akatukuta tumekaa bega kwa bega.

"Heee! Mnaposa?" Kisha akaona ndala. "Na nani kaleta ndala yangu huku? Mnataka ipotee kama ile nyingine?"

Goodhope aliporudi na grisi yake, Mzee Mwinshehe akaanza kumpandishia sauti. Kijana akasimama, kopo mkononi, macho yamemjaa maji.

"Usimfokee peke yake," nikasema. "Ufunguo aliutundika mbele ya macho yangu, na mimi najua maana yake kuliko wote hapa. Nimenyamaza siku tatu. Nigawie na mimi."

Mzee Mwinshehe akanitazama. Akatoa barua, akaisaini juu ya benchi, kalamu ikatoboa karatasi kwenye ufa wa mbao. Lori liliondoka na mzigo pungufu.

Mikumi nilifikia kwa binti yangu Devota, ambaye anapika kwenye mgahawa wa madereva wa malori, hapo barabarani. Usiku alikuwa ananisomea kijitabu cha maswali, mimi najibu, huku anamenya viazi. "Mama, unajibu kama unabishana nao," akaniambia. Chuoni tulikuwa watu kumi na wawili, wengi mafundi wa magari. Mwanamke peke yangu. Mwalimu aliyenipima alikuwa mtu mzima, mpole, anaitwa Lupakisyo. Kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa taratibu, maswali ya maandishi aliniuliza kwa mdomo, na kwa vitendo akanipeleka kwenye mota. Alinipa beringi mbili nisikilize, nikamwambia ipi inakufa. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akavuta kiti. "Unakuta kufuli la mtu kwenye swichi, mwenyewe humwoni. Bosi anasema washa."

"Nasubiri."

"Bosi amekasirika."

"Nasubiri naye. Tunakaa wote."

Akatabasamu. "Swali la mwisho, na hili namuuliza kila mtu. Umewahi kuwasha mashine mtu akiwa ndani?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile nililompa Joyce. Lilikuwa jibu zuri, fupi. Nilifikiria safari, nauli, nyaya za kuanikia, mkono wangu wa asubuhi. Nikafikiria pia kwamba huyu mzee akinipa karatasi kwa jibu lile, nitaitundika ukutani na kila nikiitazama nitamwona mbwa.

"Nimewahi," nikasema. Nikamweleza yote, tangu trekta mpaka ndala za gulioni.

Aliweka kalamu chini. "Kwa nini ilitokea?"

"Kwa sababu ndala haifungwi. Inachukuliwa na mbwa, na mtoto, na upepo. Mimi nilikuwa natazama benchi badala ya kutazama mtu."

"Na kufuli?"

"Kufuli halichukuliwi na mbwa. Lakini likikaa na ufunguo wake msumarini, ni ndala tu ya chuma."

Aliandika. Hakusema nimefaulu wala nimeshindwa. Aliniaga, "Safari njema, mama," nami nikarudi Kilosa nikijua nimejimaliza mwenyewe.

Wiki sita baadaye Devota akapiga simu, anapiga kelele mpaka sikumwelewa. Cheti kilikuwa kimetoka. Alikifuata yeye, akakituma kwa kondakta wa basi, kimefungwa kwenye gazeti na pakiti ya biskuti.

Mzee Mwinshehe hakumwondoa Goodhope. Tunapokezana, yeye asubuhi, mimi mchana, na grisi tunanunua kabla haijaisha. Makufuli sasa ni tisa, kila mtu na lake, na kila ufunguo una kamba ya singa ya kuvaa shingoni. Kamba hizo nilizisokota mimi. Joyce alipita tena, akahesabu, akaondoka.

Lakini kabla ya kushika kijani siku yangu ya kwanza, nilimwita Mwamvua benchini. Nikamkalisha. Nikamweleza habari ya mbwa, kwa sababu ilikuwa haifai mwalimu wa Mikumi aijue na mwenye miguu iliyokuwa mtaroni asiijue.

Alisikiliza bila kunikatisha, na Mwamvua si mtu wa kusikiliza. Nilipomaliza, alibaki anatazama ndala zake kule chini ya waya wa tatu.

"Kumbe zile hazikuwa za mapenzi," akasema.

"Zilikuwa za woga."

"Na mimi niliwatambia majirani." Nilingoja anitukane kama anavyotukana makapi, na ningepokea. Badala yake alisimama, akafunga kufuli lake kwenye swichi, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Akaokota reki. Mkono wangu, kwa mazoea tu ya kupokea vitu vya watu, ukanyooka kuelekea ule ufunguo.

Mwamvua akaupiga kofi dogo. Akautumbukiza ufunguo ndani ya blauzi.

"Kuanzia leo sikupi hata wewe, mama Devota," akasema, akainama, akaingia mtaroni.

Nikakaa nikamsubiri.